Uzi wa Mafundo Matatu

Nina nyumba, wajukuu zangu. Imekatwa mafungu sitini na manne, na haina ufa hata mmoja. Jiko lake halizimwi mchana wala usiku, na moshi wake huonekana kabla yenyewe haijaonekana. Ikiwa imesimama, kila mtu hupita akisema: yangu. Siku ikianguka, unazunguka mji mzima na humpati wa kusema: yangu. Ni nyumba gani?

Msijibu upesi. Yuko mzee ambaye jibu lake lilimkaa kooni wiki tisa, na nyumba yenyewe alikuwa ameipaka rangi kwa mikono yake.

Asubuhi ile Jabez Outhwaite alikuwa amesimama mbele ya jiko la binti yake, mlango wa jiko uko wazi, makaa yamewiva mekundu, na mkononi ameshika uzi wa katani. Uzi wenyewe haukuwa mrefu. Mwisho mmoja ulikuwa na kijiti kilichopakwa rangi nyeusi yenye mshipi wa manjano, na katikati ulikuwa na mafundo.

"Baba, unatoa joto lote nje," Zillah alisema nyuma yake.

Jabez akafunga jiko. Uzi akaurudisha mfukoni.

Zillah alikuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani, tumbo lake la miezi saba limemtangulia, na mapajani alikuwa na fulana ya sufi ya mumewe, ile ya buluu aliyoifuma mwenyewe kabla ya harusi. Alikuwa ameipata ncha ya uzi kwenye ukosi na sasa alikuwa akiifumua, mstari mmoja baada ya mwingine, huku akizungusha sufi kuwa donge. Jabez aliiona. Wiki tisa fulana ile ilikuwa imening'inia kwenye kigingi nyuma ya mlango, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuisogeza. Leo inafumuliwa.

"Itamtosha mtoto," Zillah alisema, bila kuinua macho. "Sufi ni nzuri bado."

"Nzuri."

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Mstari uliuacha wapi?"

Alikuwa amemuuliza hivyo siku habari ilipofika kwamba mashua tupu yenye jina la Lavinia imeokotwa kwenye pwani ya Ufaransa. Akamuuliza tena baada ya ibada ya kuwaombea mabaharia. Leo ilikuwa mara ya tatu, na Jabez alifanya kama alivyofanya zile mbili: akainamia kikombe cha chai akaanza kukipuliza, ingawa chai ilikuwa imeshapoa.

*

Kazi ya Jabez ilikuwa kupaka meli rangi. Huko Whitby kila mtu alimjua kwa ubao wake: ubao mmoja, kamba mbili, na mzee mwembamba amening'inia ubavuni mwa meli kama buibui, anapiga mluzi nyimbo za kanisani. Alipaka majina nyuma ya meli, alipaka mabomba ya moshi. Na tangu Serikali ilipotunga ile sheria, alipaka ile alama: duara lenye mstari mmoja unaolipita katikati, kubwa kama sahani, ubavuni kabisa mwa meli, kuonyesha maji yanaruhusiwa kupanda mpaka hapa, basi.

Sheria ilikuwa na jambo moja la ajabu, ambalo hata wenye mji walilicheka. Ilisema lazima alama iwepo. Haikusema iwepo wapi. Hilo liliachwa kwa wenye meli wachague wenyewe, waandike kwenye karatasi ya forodha, kisha mpakaji rangi apake.

Jabez hakupima kwa rula. Rula huazimwa isirudi. Kila meli aliyoihudumia ilikuwa na uzi wake, umetundikwa kwenye msumari bandani kwake, na badala ya jina, maana kuandika hakukumpenda, alifunga kijiti chenye rangi za bomba la meli ile. Fundo la kwanza ni sitaha. Fundo la pili ni mstari. Unashikilia la kwanza ukingoni, unauachia uzi ushuke, na pale fundo la pili linapogusa chuma, ndipo unapopaka. Na alama ikihamishwa, Jabez hafungui fundo la zamani, kwa kuwa uzi uliowahi kufungwa hauning'inii tena sawasawa. Hufunga jipya, la zamani akaliacha.

Lavinia ilikuwa na mafundo matatu.

Meli yenyewe ilikuwa ya watu. Msidhani ni tajiri mmoja aliyeinunua. Kwetu meli hugawanywa mafungu sitini na manne, na mtu hununua kadiri mfuko wake unavyomruhusu. Bwana Septimus Garbutt, meneja wake, alikuwa na kumi na sita. Obadiah Tindall, mwoka mikate, alikuwa na matatu. Mabibi wawili wazee waliofundisha piano walikuwa na mawili. Mhubiri alikuwa na lake. Na Jabez alikuwa na moja, aliloachiwa na baba mkwe wake, na alikuwa amemwahidi Zillah: "Nikifa, hili ni lako." Kila meli ilipoingia bandarini, Jabez alikuwa akisimama gatini, anatazama bomba jeusi lenye mshipi wa manjano, anasema moyoni: msumari mmoja kati ya kila misumari sitini na minne ni wangu.

Mwezi wa Oktoba wenye mafungu waliitwa chumba cha juu cha duka la Obadiah. Harufu ya mkate ilikuwa inapanda kwenye mbao. Bwana Garbutt alisimama, mtu nadhifu, sauti ya upole.

"Ndugu zangu, mwaka huu Lavinia imetuletea kidogo. Si kwa ubaya wake. Kila safari inaondoka na nafasi tupu, na nafasi tupu haiuzwi sokoni. Tukiupandisha mstari kidogo tu, makaa yanaongezeka."

"Kidogo ni ngapi?" aliuliza Obadiah.

"Shibiri moja na nusu hivi."

"Na kapteni anasemaje?"

"Kapteni Leadley hupakia mpaka kwenye mstari. Akionyeshwa mstari, hatauliza. Mtu wa nidhamu." Watu wakacheka, kwa kuwa ni kweli, Leadley alikuwa hata chumvi mezani anaipima. "Basi, anayekubali?"

Mikono ikapanda. Wa mwoka mikate ukiwa na unga kwenye kucha. Ya mabibi wawili, ndani ya glavu. Jabez alikuwa mlangoni, amesimama, kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa. Hakuwa na mawazo mabaya. Alikuwa anamfikiria Zillah na chumba chake kinachovuja, na cherehani aliyoiona dirishani mwa duka kule ng'ambo ya daraja. Mkono wake ukapanda pamoja na mingine.

Siku ya tatu alikuwa kwenye ubao, duara la zamani ameshalifunika kwa rangi nyeusi, anachora jipya, mkwe wake alipotokeza kichwa juu ya ukingo wa sitaha. Esau Pinder, injinia wa pili, uso mzima masizi, meno tu ndiyo meupe.

"Baba mkwe! Macho yamezeeka? Hapo sipo!"

"Wewe niachie rangi yangu, nami nikuachie moto wako."

"Hapo umeupandisha mno, mzee. Kama mtu anayejifunga suruali kifuani!"

"Shuka ukaoge, nimekuona mpaka nimeogopa."

Esau alicheka akaondoka. Usiku ule alimwambia mkewe kama kichekesho: babako kaivalisha Lavinia suruali kifuani. Zillah naye akacheka. Hivyo ndivyo alivyojua, na hivyo ndivyo alivyokuwa hajui: kichekesho hakina vipimo.

Lavinia ilikwenda mto Tyne kupakia makaa, ikaondoka Novemba kwenda Genoa. Meli nyingine iliiona kwenye ghuba ya Biscay, bahari ikipanda upande mmoja na kushukia upande wa pili, imelala majini kama kuku aliyeatamia. Kisha haikuonekana. Watu ishirini na wawili, Esau mmoja wao.

*

"Leo wataniita barazani," Jabez alisema, kikombe mkononi.

"Najua. Mji mzima unajua." Zillah alizungusha donge. "Bwana Garbutt alipita jana ulipokuwa bandani."

"Alitaka nini?"

"Alileta machungwa. Alisema chama cha bima kitawalipa wenye mafungu wote, mradi mambo yaende sawa. Akasema fungu lako litanitunza mimi na mtoto mpaka atembee." Alifumua mstari mwingine. "Akasema nikukumbushe kwamba mtu mzima hatarajiwi kukumbuka kila kitu."

Kwa Jabez pia Bwana Garbutt alikuwa amepita. Alisimama katikati ya banda, kofia mkononi, anatazama ukuta wa misumari.

"Nyuzi zote hizi unazitunza, mzee Jabez?"

"Zote, bwana."

"Panya hawazili?"

"Hawajawahi."

"Panya hula nyuzi," Bwana Garbutt alisema kwa upole uleule, akavaa kofia.

Kulikuwa na karatasi, mnajua. Bwana Garbutt alipohamisha alama hakuhamisha karatasi. Forodha ilikuwa bado imeandika vipimo vya zamani. Basi akasimama mjini akasema: mstari ulikuwa palepale, Kapteni Leadley, Mungu amrehemu, ndiye aliyeuzamisha kwa pupa yake. Aliyekufa hajitetei, na watu walihitaji wa kumlaumu. Pampu ya maji ikawa mahali pa maneno. Mke wa kapteni akifika na ndoo, wenzake wanageuka migongo.

"Mpisheni, ana haraka ya kujaza," mmoja alisema. "Kwao wanapenda kujaza."

Siku moja mtu alimwagia mlango wake matumbo ya samaki. Jabez alisikia akaenda na kopo la rangi ya kijani, akasugua, akapaka upya, bila kuombwa. Mama Leadley alimtazama kutoka kizingitini, mikono ameikunja.

"Rangi yako nzuri sana, mzee Jabez," alisema alipomaliza. "Inafunika kila kitu."

Jabez aliondoka bila kuaga. Njia nzima brashi ilikuwa ikidondosha kijani kwenye viatu vyake.

*

Baraza la kuchunguza kuzama kwa Lavinia lilikaa kwenye ukumbi wa mji. Mvua ilikuwa imewasukuma watu wote ndani. Ukumbi ulinuka makoti ya sufi yaliyolowa. Mbele alikaa hakimu kutoka mbali, mtu mwenye mafua, leso mkononi, na pembeni yake manahodha wawili wastaafu na karani. Zillah alikaa benchi la pili na donge lake la sufi mapajani. Mama Leadley alikaa peke yake, benchi zima, kama mwenye ugonjwa.

Bwana Garbutt aliitwa wa kwanza.

"Wewe ndiye mwenye meli?" hakimu aliuliza.

"Mimi ni meneja, mheshimiwa. Meli ina mafungu sitini na manne."

"Wewe una mangapi?"

"Kumi na sita."

"Basi mwenye meli ni nani?"

"Ni wengi, mheshimiwa. Si rahisi kumtaja mmoja."

Mtu nyuma akacheka puani. Hakimu alipenga kamasi. "Na mstari ulikuwa wapi?"

"Futi tatu na inchi tisa chini ya sitaha. Karatasi ipo. Kapteni aliambiwa, naye akapakia kupita hapo. Sipendi kumsema marehemu."

"Muongo wewe!" Mama Leadley alikuwa amesimama. "Mume wangu hakuwahi kupita mstari hata uliochorwa mchangani!"

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa wiki tisa!"

Akakalishwa. Kisha akaja rubani aliyeitoa meli mto Tyne, mtu wa maneno machache. Alisema aliutazama mstari kwa macho yake. Ulikuwa juu ya maji, vidole vinne. Na maji yalikuwa umbali gani kutoka sitaha? Akasema hakupima, lakini alipokuwa kwenye ngazi ya kamba kushuka kwenye mashua yake alishangaa ngazi imeisha upesi.

Manahodha wale wawili wakatazamana. Ama rubani anadanganya, ama mstari ulitembea.

"Nani aliyeamua mstari ukae wapi?" hakimu aliuliza, safari hii akiwatazama watu wa mabenchi, si mmoja. "Nauliza tena. Mwenye meli hii ni nani?"

Obadiah Tindall alikuwa anachunguza kucha zake. Mabibi wawili wa piano walishikana mikono. Mhubiri alifumba macho, labda anaomba. Watu waliokuwa wakigombea nafasi gatini kila Lavinia inapoingia, wakionyeshana bomba kwa vidole, leo kila mmoja alionekana kama amepita njia tu, amejificha mvua.

"Jabez Outhwaite," karani akaita.

Alipanda mbele. Aliapishwa. Karani alimwomba aweke sahihi, akachora duara lenye mstari katikati, kama alivyozoea, na watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

"Wewe ndiye uliyepaka alama?"

"Ndimi."

"Mara ya mwisho, mstari uliuacha wapi?"

Ni swali lilelile. Maneno yaleyale ya dirishani. Jabez alimtazama Bwana Garbutt, ambaye alikuwa anafuta miwani kwa utulivu, na kwa kidole kimoja, kama mtu anayejikuna, aligusa sikio, kumkumbusha maneno yake. Alitazama mabenchi. Aliwajua wote. Akisema kwamba wenyewe ndio walioupandisha mstari, chama cha bima hakitalipa mtu hata mmoja. Mwoka mikate atauza tanuri. Mabibi wawili watauza piano. Na mwanawe atazaa chini ya paa linalovuja. Asiposema, Leadley ataendelea kuzama kila siku pale kwenye pampu.

"Mzee? Hukumbuki?"

Mlango ulikuwa huo, wazi, umetengenezwa kwa ajili yake. Angesema sikumbuki, angerudi kwenye chai yake.

Akamtazama Zillah. Hakuwa akimwomba lolote. Donge la sufi lilikuwa limetulia, na uzi wa buluu ulikuwa umeshuka kutoka gotini mpaka sakafuni, unaning'inia wima, umenyooka kabisa, kama unapimwa.

Jabez aliingiza mkono mfukoni.

"Mimi si mtu wa kukumbuka, bwana," alisema. "Mimi ni mtu wa kufunga fundo."

Aliulaza uzi mezani mbele ya hakimu, kijiti cheusi chenye manjano kikagonga mbao. Ukumbi mzima uliinuka nusu kutoka kwenye viti.

"Hili la juu ni sitaha. Hili la chini kabisa ni mstari wa zamani. Pimeni."

Karani akaleta rula. Mkono wake ulikuwa na wino. "Futi tatu na inchi tisa," alisoma.

"Ndiyo ya karatasi," hakimu alisema. "Na hili la katikati?"

Jabez hakuingoja rula. Aligeuka mpaka mgongo ukawa kwa hakimu, jambo ambalo halifanywi, akamjibu aliyemuuliza kwanza.

"Futi mbili na inchi saba, mwanangu. Hapo ndipo nilipouacha. Esau aliniambia hapo sipo, nikamwambia aniachie rangi yangu."

Zillah aliinama. Akauokota uzi wa buluu kutoka sakafuni, polepole, akaanza kuuzungushia kwenye donge, na midomo yake ilikuwa imebanwa hadi imekuwa myeupe. Hakuinua macho. Lakini hakutoka. Upande wa pili, Mama Leadley alikuwa ameweka viganja viwili usoni, na mabega yake yalikuwa yakienda.

"Inchi kumi na nne," karani alisema, kwa sauti ndogo.

"Mzee Jabez," hakimu alisema, na leso alikuwa ameisahau, "mpakaji rangi hajiamulii. Nani alikutuma?"

Bwana Garbutt aliacha kufuta miwani.

Jabez angeweza kunyoosha kidole. Kidole kilikuwapo na mtu alikuwapo, futi sita kutoka pale. Lakini alikumbuka harufu ya mkate ikipanda kwenye mbao, na jinsi kuinua mkono kulivyokuwa rahisi, kama kumpungia mtu wa ng'ambo ya daraja.

"Nimeuliza mara mbili tangu asubuhi," hakimu alisema, "na hii ni ya tatu. Meli hii ni ya nani?"

Mzee aliinua mkono wake wa kuume. Aliuinua kama siku ile, usawa wa sikio, na watu wa benchi la mbele waliona rangi iliyokwama kwenye kucha, nyeusi, nyeupe, na kijani cha mlango. Haukuteremka. Nyuma ya ukumbi benchi lililia, kama linavyolia mtu mzito anapotaka kusimama na hajaamua.

"Yangu," Jabez alisema.